Bandari ya Ukutani

Mtu aliyechora picha ya sebuleni kwa mama yangu alikuwa mwongo. Nalisema bila kumung'unya maneno, na kama ana vitukuu huko Meksiko, wanisamehe. Alichora bandari ambayo haipo na haijawahi kuwapo. Hilo nililijua baada ya mama kuzikwa, nikiwa nimekaa stoo juu ya gunia la kahawa. Niliipiga ile picha kwa simu, nikaitafuta mtandaoni, ikaja na maelezo yake. Ilichorwa karne ya kumi na nane, Meksiko ikiwa bado chini ya Wahispania, kwa mtindo unaoitwa Rokoko, ambao kwa nilivyosoma ni mtindo wa kuipaka dunia sukari. Mchoraji aliishi mji wa nyanda za juu, mbali na pwani. Wanaojua mambo hayo wanadhani aliokoteza kwenye karatasi zilizochapwa Ulaya, mnara huku, tao kule, meli kwingine, akaunganisha. Hakuna mahali ambapo mtu angeweza kusimama akaiona bandari ile.

Nilicheka peke yangu stoo, kicheko kibaya. Nyumba yetu Iyula, huku Mbozi, ilikuwa imelishwa uongo na watu wawili, na mmoja wao alikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Ilikuwa karatasi ya kalenda tu. Mama, alipokuwa msichana, aliwahi kumfulia nesi mmoja wa Kizungu wa zahanati ya misheni. Nesi alipofungasha kurudi kwao alitaka kuitupa kalenda iliyopitwa na wakati, mama akaiomba. Akaikata miezi kwa kisu cha jikoni, akabaki na picha, na baada ya kuolewa akampelekea fundi seremala mjini Vwawa akaitia fremu na kioo. Ikatundikwa juu kabisa karibu na dari, imeinama kidogo mbele kama tunavyotundika sisi, na juu yake kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Mgeni yeyote aliyeingia kwetu alilazimika kuinua shingo.

Niieleze, maana nimeitazama kuliko nilivyotazama uso wa mtu yeyote. Anga yake ni ya waridi kwa chini na samawati kwa juu, mawingu yameviringishwa vizuri mno. Kushoto kuna mnara mnene wa mawe wenye bendera. Kulia kuna tao kubwa lililobomoka, vichaka vimeota juu yake, na hata kubomoka kwenyewe kumechorwa kwa madoido, kana kwamba lilibomolewa kupendeza. Katikati ni maji yaliyotulia na meli mbili zenye matanga yaliyolegea. Ufukoni wamesimama mabibi wa viuno vyembamba na miavuli, na mabwana waliovaa nywele nyeupe za bandia, wote hawana kazi ya kufanya. Kuna mbwa mweupe mdogo. Ukizunguka pembeni mwote kuna ukingo wa dhahabu uliojikunja kama makombe ya konokono. Katika bandari nzima anafanya kazi mtu mmoja tu, mwanamume mwenye kofia nyekundu, amejipinda mgongo anavuta kamba ya mashua.

Kaka yangu ndiye mzaliwa wa kwanza, mimi nilimfuata. Alipotimiza umri wa kuoa alipata habari za kazi bandarini Durban kupitia kijana wa kijiji cha jirani. Kwenda Kusini si jambo geni kwetu, babu zetu walikwenda migodini na kurudi na baiskeli. Lakini bandari ilikuwa jambo jipya, na ukoo ukalifanya kubwa. Akachinjwa fahali. Mchungaji akamwekea mikono kichwani mbele ya kanisa zima. Wazee wa ukoo wakasema yao, na mwisho wakamkumbusha desturi: aliyeagwa kwa nyama harudi mikono mitupu, na kabla ya kitu kingine chochote huleta blanketi la mama. Blanketi lazima liwe la huko alikokwenda, na mama hujifunika mbele ya watu ili ijulikane kwamba mwana alifika na amerudi.

Asubuhi ya kuondoka mama alimvika sweta la kijivu alilomfumia, kwa kuwa baridi ya Mbozi ya mwezi wa sita haina huruma. Kaka akasimama chini ya ile picha, akaonyesha kwa kidole.

"Mama, ukinikumbuka tazama hapo. Naenda mahali kama hapo."

Alikuwa anatania. Mama hakulipokea kama utani. Tangu siku ile yule mwenye kofia nyekundu akawa kaka. Akipangusa vumbi kwenye kioo humwanza yeye, halafu mabibi na mabwana wao baadaye.

Miaka ya kwanza kaka alipiga simu Jumapili, tukishatoka kanisani. Nilikuwa naweka sauti ya juu ili mama asikie. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mzima. Kazi ipo. Tunashukuru Mungu. Mama hakutosheka na hayo.

"Niambie pakoje, mwanangu."

Kisha kaka akaanza kueleza, polepole. Kuna mnara, mama, mkubwa, wa mawe. Una bendera. Mama akaangalia ukutani, akatabasamu, akanipiga paja. Na kuna meli, nyingine zimetulia tu majini. Kina mama wa huko hutembea na miavuli hata kama mvua hainyeshi. Mama alikuwa akifuata kwa macho kitu kimoja baada ya kingine, anatikisa kichwa kukubali, na mimi moyoni nilimshukuru nesi aliyetuachia picha ya kweli.

Ndivyo nilivyowaza, wala sioni aibu kusema. Sikuwahi kuona bahari. Namba aliyopigia ilianza kama namba za Zambia, na nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema anakaa chumba kimoja na Mzambia, na laini ya mwenzake ina unafuu. Nami na kidato cha nne changu nikaona ni maelezo mazuri kabisa.

Mwaka nilioolewa, mama na mdogo wake, ambaye sisi tunamwita mama mdogo, walikwenda Tunduma kuninunulia sufuria za kuanzia nyumba. Waliondoka alfajiri wamejifunga vitenge vipya, wanacheka. Walirudi jioni hawana hata kifuniko. Mama alisema bei haishikiki, kisha akalalamikia vumbi, malori na kelele za mpakani, akasema mguu wake hautakanyaga tena Tunduma. Na kweli haukukanyaga. Sufuria nikanunuliwa Mlowo, mbovu, zikatoboka mapema.

Baada ya safari ile kitu kimoja kilibadilika nami sikukitilia maanani. Kwenye simu mama hakumwambia tena kaka aeleze. Alianza yeye.

"Na ule mnara wenu bado upo?"

"Upo, mama."

"Lile tao lililobomoka je, hawajalijenga?"

"Bado, mama. Wameliacha tu."

"Na kale kambwa?"

"Kapo," kaka akasema, na hapo sauti yake ilikwaruza kidogo.

Nilidhani ni uzee, kwamba mama anarudia rudia mambo kama wanavyofanya watu wazima. Tuliendelea hivyo miaka. Mume wangu alifariki nikarudi nyumbani, tukawa wanawake wawili na shamba la kahawa, na Jumapili bandari.

Kisha mama akaanza kuvimba miguu, kifua kikambana. Hospitali walimtunza wakaniambia kwa upole nimrudishe nyumbani, na mtu akiambiwa hivyo anajua ameambiwa nini. Alilazwa kitanda cha sebuleni, ndipo alipotaka. Hakuomba chakula maalumu, hakuomba mchungaji ingawa mchungaji alikuja. Aliomba jambo moja.

"Mwite kaka yako. Nataka kumwona kwa macho haya."

Nilitoka uani nikampigia. Nilimwambia wazi kwamba mama anakwenda, na anachongoja ni yeye. Nyuma yake nilisikia honi ya lori, ndefu, na mtu akitukana kwa Kiswahili. Sikushtuka, Waswahili wako kila mahali.

"Nakuja, dada. Naanza safari leo hii."

Kutoka Durban ni mabasi juu ya mabasi. Utoke huko mpaka Johannesburg, uvuke Zimbabwe, uikate Zambia yote mpaka Nakonde, ndipo uvuke kuingia Tunduma kwetu. Kila mpaka una foleni yake. Nilipiga hesabu kichwani nikaona mama anaweza kuifikia siku hiyo akiwa hai, kwa shida. Nikamwambia avumilie.

Kaka alipiga kesho yake akasema yuko mpakani Zimbabwe. Niliingia ndani mbio.

"Mama, yuko Zimbabwe."

Hakunitazama. Alitazama ukutani. Mama mdogo, aliyekuwa amemshika mkono, alisimama ghafla akatoka nje, nikasikia anapenga kamasi nyuma ya jiko. Nilikasirika kimoyomoyo kwamba anamvunja mgonjwa moyo wakati habari ni njema.

"Mwambie asikawie," mama akasema. "Asijali kitu kingine. Aje tu alivyo."

Nilimpigia kaka nikamwambia maneno hayo hayo, neno kwa neno. Akasema sawa. Akasema basi limechelewa.

Mama alikata roho asubuhi, nikiwa nakoroga uji wake. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea juu ukutani, ikabidi mama mdogo ayafumbe. Nilipompa kaka habari alikuwa, kwa maneno yake, anakaribia Lusaka. Alilia kilio ambacho hata leo sidhani kilikuwa cha kuigiza, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi. Wazee wakakaa wakaamua mwili ukae mochwari, mzaliwa wa kwanza yuko njiani, hatuwezi kumfukia mama yake, yeye akiwa bado Zambia.

Msiba kwetu huanza kwa kuondoa vitu sebuleni. Makochi yakatolewa nje, meza ikatolewa, mikeka ikatandikwa ukuta kwa ukuta kwa ajili ya wanawake. Mama mdogo alipanda juu ya stuli, akaishusha picha mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Akaipeleka stoo akaiegemeza nyuma ya magunia, uso ukielekea ukutani. Ukutani kwetu pakabaki alama nyeupe ya mraba.

Kaka aliwasili siku ambayo ratiba ya mabasi ingemfikisha, kwa bodaboda kutoka Mlowo. Alikuwa amevaa koti, begi kubwa begani, na chini ya kwapa blanketi zito la rangi ya maziwa, bado liko kwenye nailoni yake. Wanawake walipoliona blanketi wakaangua kilio upya. Alikuwa amekonda, viganja vyake vigumu kuliko vyangu mimi ninayelima. Alipiga magoti mbele ya wazee, akaomba radhi kwa kuchelewa. Wazee wakamwinua, wakamwambia safari ni safari. Kesho yake mama akatoka mochwari, na mbele ya watu wote blanketi likawekwa juu ya jeneza lake. Desturi ikatimizwa, watu wakaguna kwa kuridhika. Tulimzika adhuhuri.

Tulikuwa tumekaa mkekani baada ya maziko, watu wanakula, alipoingia mama mmoja mfanyabiashara wa Tunduma anayenunua maharage yetu kila msimu. Si mtu wa huku, alikuja na biashara kutoka Tanga, mstaarabu, alikuwa amechelewa maziko akaja kutoa pole. Alinipa mkono, akawapa wengine, akafika kwa kaka. Akasimama. Uso wake ukachangamka kama mtu aliyemwona jirani ugenini.

"Mulishani mukwai, Kepteni! Na wewe uko huku?"

Hiyo ni salamu ya Kibemba, ndiyo lugha yao ya biashara kule mpakani. Kaka hakuitikia. Yule mama akadhani hajakumbukwa.

"Jamani Kepteni, juzi tu umenivushia marobota yangu ya vitenge kwa mkokoteni wako, leo umenisahau? Marehemu ni nani wako?"

"Mama yangu," kaka akasema.

Yule mama akaweka mkono mdomoni. "Pole sana, baba. Ungeniambia. Mtu amefiwa na mama yake, mimi namtwisha mizigo siku nzima."

Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akaketi, akapewa chai. Lakini wanawake walikuwa wameacha kutafuna. Juzi mama yangu alikuwa amelala mochwari. Juzi kaka yangu alikuwa Lusaka. Nilimtazama, naye akatazama sahani yake. Niliona hesabu ikipita kwenye uso wa kila mtu pale mkekani, Zimbabwe, Zambia, mabasi, blanketi, na hakuna aliyesema neno, maana msibani hatugombani. Nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu vile, hata waliomdhulumu marehemu mume wangu.

Jioni ile nilimkuta mama mdogo uani anasugua sufuria kubwa za msiba kwa majivu. Nilichutama tukasugua pamoja. Nilitaka kumweleza nilichosikia, akanikatiza.

"Najua," alisema. "Na marehemu alijua."

Akanieleza huku anasugua, bila kuniangalia. Siku ile ya sufuria zangu, miaka ile, hawakupata bei nzuri Tunduma, wakavuka kwa miguu upande wa Nakonde kama wafanyavyo wanawake wote. Huko ndiko mama alikomwona mwanawe. Alikuwa amejipinda mbele ya mkokoteni wa mahindi, anavuta, jasho linamtoka, watu wanamfokea apishe lori. Alipita karibu kiasi cha kuguswa. Mama alimshika mdogo wake mkono, akamwambia, "Tugeuke." Njiani hakulia. Walipokaribia nyumbani akamwapisha mdogo wake asiseme kwa mtu yeyote, hata mimi.

"Alisema atarudi mwenyewe akiwa tayari. Alisema tukimfuata tutamvunja, kwa sababu tulimchinjia fahali," mama mdogo akasema. "Kwenye simu alikuwa anamsaidia. Alijua mtoto ameishiwa maneno, anamuuliza habari za mnara na za mbwa ili apate cha kujibu."

Majivu yalikuwa yamenikauka mikononi. Niliyaelewa basi yale maneno ya kitandani, kwamba asijali kitu kingine, aje tu alivyo. Niliyapeleka mwenyewe kwa mdomo wangu, na kaka aliyapokea akiwa umbali wa asubuhi moja.

Kesho yake wageni walipopungua kaka alinifuata stoo, nilikokuwa nikipima mchele wa matanga. Alifunga mlango nusu. Akaanza kujieleza kabla sijamuuliza. Walipofika Nakonde, yeye na wenzake wa safari, dalali aliyewapeleka alichukua pasipoti zao akasema anakwenda kugonga mihuri, hakuonekana tena. Wenzake walirudi makwao. Yeye hakuweza.

"Ningerudije, dada? Nyama ilikuwa bado haijaisha tumboni mwa watu."

"Na juzi? Na siku mama anakuita?"

"Ningefika siku ile ile, wangeniuliza nimeruka na nini." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilisema zipite siku za safari. Nilidhani atanisubiri. Nikawa nafanya kazi tu, ningekaa wapi?"

Alisema hivyo, nilidhani atanisubiri, kama mtoto anayeeleza kwa nini amevunja chungu. Akatazama nyuma ya magunia, akaiona fremu. Akaivuta, akaigeuza, akaipangusa kioo kwa mkono wa koti. Alianza na yule mwenye kofia nyekundu.

"Sitaki kitu kingine cha urithi," akasema. "Shamba ni lako. Nipe hii tu."

Ningeweza kunyamaza. Mama alinyamaza miaka yote ile, na alikuwa na sababu. Mimi si mama.

"Mama alikuona," nikamwambia. "Nakonde. Unavuta mkokoteni. Alipita karibu yako."

Kaka alikaa juu ya gunia, picha magotini. Hakuuliza ni lini, hakuuliza alikuwa na nani.

"Nilikuwa nimevaa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, mama mdogo alinipa pamoja na mengine. Nilitamani kumnyima.

"Sweta la kijivu alilokufumia. Alisema limetoboka kiwiko. Alisema kama kungekuwa na namna angelichukua akalitie kiraka, akurudishie."

Akairudisha picha nyuma ya magunia, uso ukielekea ukutani, kama alivyoikuta. Akabaki amekaa pale pale. Mchana wakamwita kula. Hakwenda, na mimi sikumpelekea.